Amana, Deni na Ujira

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa jumuiya yetu, mjini Mbale, Uganda)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ama baada ya hayo. Nimeombwa niseme maneno machache katika siku hii ya kuwakumbuka wazee walioianzisha jumuiya yetu. Nilipouliza niseme juu ya jambo gani, niliambiwa: "Shekhe, sema juu ya biashara, maana ndiyo inayotusumbua." Nilitaka kukataa, kwa kuwa mimi si mtu wa biashara, na elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi tu. Kisha nikakumbuka kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haisemi juu ya sala, wala saumu, wala hija. Yasema juu ya deni. Basi nikaona kwamba mwenye kuisomesha aya hiyo hana udhuru wa kunyamaza.

Katika mji wetu huu wako watu watatu wanaolalamika kila siku. Wa kwanza ni yule apelekaye mali nchi za nje. Wa pili ni mkopeshaji. Wa tatu ni mwajiri. Kila mmoja wao hudhani kwamba taabu yake ni ya peke yake, na kwamba wale wawili wengine ndio waliomletea. Walakini ukitazama vizuri utaona kwamba watu hawa watatu wamefungwa kamba moja. Chukueni mfano wa kahawa ya Mlima Masaba, ambayo ndiyo iliyoulea mji huu. Apelekaye kahawa ng'ambo hawezi kuinunua kwa mkulima mpaka apate fedha; fedha huzipata kwa mkopeshaji. Akiisha kuinunua, yapasa ianikwe, ichambuliwe, ipimwe na kutiwa magunia. Kazi hiyo hufanywa na watu wa kibarua, na hapo yeye huwa mwajiri. Mkopeshaji naye hapati fedha zake mpaka kahawa ifike na ilipwe. Kamba ikikatika mahali pamoja, wote watatu huanguka.

Sasa nitasema kwanza juu ya mambo yasiyokuwa mikononi mwetu, ili mtu asije akasema kwamba shekhe amewalaumu wanyonge kwa makosa ya ulimwengu.

Nchi yetu ya Uganda haina pwani. Gunia likitoka hapa Mbale, lapita Malaba, lakatiza nchi ya Kenya yote, zaidi ya kilomita 900, hata kufika bandari ya Mombasa. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na Kampala mwaka 1931, watu walifurahi kwa sababu njia ya bahari ilifunguka. Lakini mwenye kutegemea mlango wa jirani hulala kwa wasiwasi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika. Mwanzo wa mwaka 2008, Kenya ilipopatwa na fujo baada ya uchaguzi, mafuta ya magari yaliadimika kwetu Uganda, na mizigo ikakwama njiani. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, madereva walisimama Malaba kwa siku nyingi wakingoja kupimwa, na foleni ya malori ikawa ya kilomita na kilomita. Katika mambo hayo yote hakuna hata moja alilolitenda mfanya biashara wa Mbale, na yote aliyalipia.

Tena iko bei. Bei ya kahawa yetu ya arabika hufuata soko la New York, na ile ya robusta hufuata soko la London. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ikapanda dunia nzima. Hapa kwetu, katika siku za utawala wa Idi Amin, kahawa iliuzwa kwa bodi ya serikali peke yake, na mkulima hakuionja bei ile. Basi wengi waliibeba usiku, wakaipitisha kwa magendo mpaka Chepkube, upande wa Kenya. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyogawa mafungu ya kahawa kwa kila nchi yalivunjika, na bei ikaporomoka. Watu waliokuwa wamekopa kwa bei ya juu wakalipa kwa bei ya chini.

Juu ya hayo kuna mlima wenyewe. Machi 2010 ardhi iliporomoka Bududa ikafunika watu na nyumba. Mwisho wa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika hapa mjini, ikaua watu na kuharibu mali. Haya ni majaribu ya Mwenyezi Mungu, na sisi ni wake, na kwake tutarejea.

Lakini ndugu zangu, je, taabu zetu zote ni hizo? Hapa ndipo nitakapowaomba mnivumilie.

Niseme kwanza juu ya yule apelekaye mali nje. Mwaka 1991 serikali iliondoa ukiritimba wa bodi yake, na wanunuzi wakawa wengi. Ilikuwa rehema kwa mkulima, kwani alianza kulipwa papo hapo. Walakini wanunuzi wanaposhindana kwa haraka, kila mmoja huogopa kumwambia mkulima, "Kahawa yako mbichi, irudishe ukaianike." Basi huinunua vivyo hivyo. Mkulima naye huchuma mbivu na mbichi pamoja, kwa kuogopa wezi wa usiku. Dalali hutia mawe machache ili gunia liwe zito. Mwisho wake mzigo hufika ng'ambo umeota ukungu, na mnunuzi wa huko hukata bei. Hamkati yule aliyetia mawe, kwa sababu hamjui. Hutukata sisi sote. Suratul Mutaffifin yawaonya wenye kupunja vipimo, nasi twaisoma katika sala, kisha tukitoka nje twaiweka mizani upande.

Tena siku hizi wanunuzi wa Ulaya wataka kujua shamba ambalo kahawa imetoka. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023, ya kwamba kahawa isitoke katika shamba lililofyekwa msituni baada ya mwaka 2020. Na ijapokuwa kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, maana yake ni wazi. Anayeandika kahawa imetoka kwa nani, katika shamba gani, ndiye atakayeuza. Asiyeandika atabaki na gunia lake.

La pili ni mkopeshaji. Yeye husema: "Nikopeshe vipi, na huyu hana rehani?" Na husema kweli. Sehemu kubwa ya ardhi ya Uganda ni ardhi ya mila, isiyokuwa na hati. Mtu ana mibuni mia tano ya babu yake, lakini hana karatasi ya kumwonyesha mwenye benki. Akienda benki hudaiwa riba, nayo ni haramu kwetu. Akienda kwa wakopeshaji wa mitaani hudaiwa riba kubwa zaidi. Basi hufanya nini? Huiuza kahawa yake ingali maua. Watoto watakiwa ada ya shule, naye hupokea fedha kidogo kwa mazao ya mti fulani ambayo hayajazaliwa, na msimu ukifika hutazama jasho lake likipakiwa gari ya mtu mwingine.

Nataka mjue, na wanunuzi walioko hapa wajue, kwamba biashara hiyo si halali kwa sababu tu hamna neno "riba" ndani yake. Kununua matunda ya mti maalumu kabla hayajaonekana kuwa yatafaa, wanazuoni wameikataza, kwa kuwa huenda mvua ya mawe ikaja, na mmoja akala mali ya mwenziwe bila ya haki. Lakini sharia haikufunga mlango bila ya kufungua mwingine. Iko biashara iitwayo salamu. Mnunuzi hutoa thamani yote leo, palepale, na muuzaji huahidi kumletea kahawa ya sifa kadha, ya uzito kadha, siku kadha, mahali kadha, bila ya kuifunga katika mti mmoja. Kila kitu hujulikana, na bei ni ya kuridhiana. Mkulima hupata ada ya shule, na mnunuzi hupata faida ya halali. Wala salamu haisimami ila mambo hayo yote yawe dhahiri, na udhahiri huo leo hupatikana kwa kalamu.

Na milango ya serikali nayo imefunguka kuliko zamani. Tangu mwaka 2006 iko sheria ya stakabadhi za ghala, ambayo kwayo mtu aliyeweka mazao katika ghala lililokubaliwa aweza kuitumia karatasi yake kama mali. Mwaka 2016 sheria ya mabenki ilirekebishwa ili kuruhusu benki za Kiislamu, na mwaka 2023 benki ya kwanza ya namna hiyo ilipata leseni. Mwaka 2019 ilipitishwa sheria ya kuandikisha rehani ya mali inayohamishika. Basi yule asiye na hati ya ardhi aweza kuweka kahawa yake, au mashine yake ya kukobolea, kuwa dhamana. Lakini milango yote hii ina bawabu mmoja, naye huuliza swali moja tu: "Umeandika?"

Hapa nitawasimulia jambo ambalo sikulisema mbele ya watu mpaka leo.

Mwaka 2011, siku za mwisho za Shaabani, baada ya sala ya alasiri, walinijia watu wawili wa msikiti wetu. Mmoja alikuwa mzee mwenye duka, mtu wa kheri, aliyekuwa akikopesha bila ya faida. Wa pili alikuwa kijana mnunuzi wa kahawa. Yule mzee akasema: "Shekhe, nataka kumkopesha mwanangu huyu shilingi milioni nane aanze msimu. Hati zako ni nzuri, tuandikie." Mimi nilikuwa nimechoka, na Ramadhani ilikuwa mlangoni. Nikacheka, nikawaambia: "Nyinyi mwasali safu moja, karatasi ya nini baina yenu? Njooni baada ya Idi, tutaandika." Wakaona haya, wakaondoka.

Mzee yule hakuiona Idi. Alifariki katika kumi la kwanza la Ramadhani. Baada ya eda, mjane alinijia na watoto wanne, akauliza juu ya deni. Nikamwita kijana. Akasema: "Kweli nilikopa, lakini nusu nilikwisha kumrudishia mkononi, siku mbili kabla ya kuugua kwake." Nami nikajua nini? Nilisikia maneno ya kukopa. Sikuona fedha zikitolewa wala zikirudishwa. Huenda kijana alisema kweli. Huenda hakusema. Sikuweza kumhukumu, wala sikuweza kumsafisha.

Mjane alipokea nusu, akauza vitu vya duka, na binti yake mkubwa akaacha shule. Kijana naye watu walimwita mwizi sokoni. Hakuna aliyemwamini tena kwa gunia moja. Mwaka uliofuata aliuhama mji, na mpaka leo sijui alikokwenda. Nyumba mbili ziliharibika, na huenda zote mbili zilikuwa za watu wakweli.

Ndugu zangu, ile aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo nimeisomesha kwa watoto wenu miaka mingi, haimwamrishi mwenye deni peke yake. Yamwambia mwandishi naye asikatae kuandika, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ndiye aliyemfundisha. Wala haisemi tuwaandikie wasioaminiana. Yawaambia walioamini. Mimi nilikuwa yule mwandishi, na nilikataa. Nimemwomba mjane yule radhi, naye amenisamehe; lakini msamaha wake haukumrudisha binti shuleni.

La tatu ni mwajiri, nami sitalirefusha, walakini msilidharau. Waajiri wetu husema: "Vibarua hawakai. Leo yuko, kesho hayuko. Ukimfundisha kazi, huenda kwa mwingine. Ukimwachia ghala, huiba." Nimekwenda katika maghala, nikawauliza wanawake wanaochambua kahawa. Wao walisema: "Shekhe, hatujui tutalipwa lini wala kiasi gani. Tajiri huandika siku zetu katika kichwa chake, na kichwa chake husahau." Basi nani atakaa mahali pasipojulikana ujira wake? Mtu asiyeandikwa huona kwamba hayumo, na asiyekuwamo hana sababu ya kulinda mali.

Ni kweli kwamba mwajiri mdogo amebanwa. Yeye hulipwa baada ya wiki nyingi, na vibarua hutaka chakula leo. Sheria yamtaka alipe akiba ya uzeeni, asilimia 10 kutoka kwake na asilimia 5 kutoka kwa mshahara wa mfanya kazi, na tangu mwaka 2022 wajibu huo umewafikia hata wenye wafanya kazi wachache. Wengi huona ni mzigo, wakajificha. Lakini anayejificha kwa serikali hujificha pia kwa benki, kwa kuwa daftari ni lile lile. Hawezi kuonyesha biashara yake kuwa kubwa kwa mkopeshaji, na kuwa ndogo kwa mwenye kutoza. Kadhalika tusisahau kwamba kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na miaka mingi ikapita bila ya kubadilishwa. Basi pale sheria iliponyamaza, dhamiri ya mwajiri ndiyo iliyobaki kuwa hakimu. Na sisi wa misikitini tusijitoe: mara ngapi mwalimu wa madrasa huambiwa asubiri mpaka mwezi ujao, kwa kuwa kazi yake ni ya thawabu?

Wazee husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na mwaka 1954, wakulima wa mlima wetu walipounda Bugisu Cooperative Union, walijua kwamba ushirika wowote husimama juu ya vitu viwili, mizani na kitabu cha wanachama. Dini yetu ilikuwa imekwisha kutuambia hayo karne nyingi kabla yao.

Najua liko jibu litakalosemwa nje, maana nimekwisha kulisikia. Watasema: "Kuandikiana ni desturi ya wageni. Baina ya ndugu ni aibu, ni dalili ya kutoaminiana." Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo, na mmesikia lililotokea. Karatasi haiondoi udugu. Huulinda udugu na usahaulifu, na mauti, na ulimi wa soko. Aibu si kuandika deni la ndugu yako. Aibu ni kuwaachia mayatima wake kitendawili.

Basi naomba, Mheshimiwa Mwenyekiti, siku hii ya ukumbusho isiishe kwa pilau tu. Naleta maombi matatu.

Kwanza, jumuiya iweke daftari la madeni katika ofisi ya msikiti, lifunguliwe kila Jumamosi baada ya adhuhuri. Mwenye kukopesha na mwenye kukopa waje pamoja, mwenye deni aseme kwa kinywa chake, mashahidi watie sahihi, na kila mmoja apewe nakala. Malipo nayo yaandikwe, hata yakiwa shilingi elfu kumi. Kazi hiyo ya kuandika nitaifanya mimi mwenyewe bila ya malipo, madamu macho yangu yaona.

Pili, mashekhe na wanunuzi wa kahawa wakae kabla ya msimu, watunge karatasi moja ya salamu, kwa Kiswahili na kwa Lugisu, ili mkulima ajue alichokitia kidole. Na mnunuzi atakayeendelea kununua maua, tumwendee nyumbani kwake tumnasihi kwa upole kwanza.

Tatu, kila mwajiri aliyemo humu awe na kitabu cha siku za kazi, na mfanya kazi awe na kijitabu chake, vitiwe alama pamoja kila jioni. Tena jumuiya yenyewe ianze kwa walimu wa madrasa yetu, kabla ya kumfundisha mtu mwingine.

Hayo hayatafupisha njia ya Mombasa, wala hayatapandisha bei ya New York. Walakini bei ikianguka, mkopeshaji atajua nani wa kumpa muda, kwa kuwa mwenye dhiki yapasa angojwe hata apate wepesi, na dhiki yake itaonekana katika daftari, haitadhaniwa kuwa ni hila. Njia ikifungwa, kibarua atajua ujira wake haukupotea. Na mmoja wetu akifa, watoto wake watajua walicho nacho na wanachodaiwa, nao watamzika kwa moyo mtulivu.

Namwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, amrehemu yule mzee mwenye duka, na amhifadhi yule kijana popote alipo, ikiwa alikosea au alikosewa. Atujaalie tuwe watu wa kutimiza amana, kulipa deni, na kutoa ujira kwa wakati wake.

Mimi nimemaliza. Kalamu iko mezani, na daftari nimelileta.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.